Kitanda kilichookolewa kinakwenda kwa nani? Uchambuzi wa kisa cha kituo cha upasuaji cha Phoenix

Mwezi Februari 1970, katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, madaktari wawili wa usingizi, Wallace Reed na John Ford, walifungua jengo lenye vyumba vya upasuaji, sehemu ya kuzindukia na mapokezi, lakini lisilo na wodi hata moja. Waliliita Surgicenter. Mgonjwa alifika akiwa hajala, akapasuliwa, akazinduka, akaangaliwa kwa saa chache, kisha akarudi kwake siku hiyohiyo pamoja na ndugu aliyekuja kumchukua. Hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha aina yake nchini humo kilichofanikiwa kusimama peke yake nje ya hospitali, na tangu hapo kimeigwa na maelfu ya vituo vingine.

Kisa hiki hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba vituo vya upasuaji wa siku moja hupunguza msongamano hospitalini. Ninaamini kwamba ni kweli, ila ni kweli kwa sharti, na sharti lenyewe husahauliwa. Kazi ya kituo cha namna hii ni kurudisha kitanda ambacho vinginevyo kingelaliwa na mtu asiyekihitaji. Kama msongamano utapungua au la, hilo hutegemea kitanda hicho kimekwenda kwa nani baada ya kurudishwa, na jibu la swali hilo halimo ndani ya kituo.

Hali ilivyokuwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 hospitali za Marekani zilikuwa zimeelemewa. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilianza kazi Julai 1966, na watu wengi waliokuwa wakijikaza nyumbani na maradhi yao wakapata njia ya kwenda kutibiwa. Hata hivyo wingi wa wagonjwa peke yake hauelezi foleni ya Phoenix. Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ni namna ya kulipa: bima nyingi za wakati huo zililipia upasuaji pale tu mgonjwa alipolazwa. Mtu mwenye kivimbe mgongoni, au mtoto aliyehitaji kutobolewa ngoma ya sikio ili usaha utoke, kazi ya dakika chache, alilazwa jioni iliyotangulia, akatolewa damu ya vipimo, akapewa kitanda, chakula na muuguzi wa zamu, akapasuliwa kesho yake, na mara nyingi akalala tena usiku mwingine ndipo aruhusiwe. Daktari alijua kwamba hakuna haja ya hayo yote, na mzazi wa mtoto alijua pia. Lakini bima ilidai usiku wa wodini, na usiku huo ukatafutwa.

Hivyo foleni ikajengeka mahali ambapo watu hawakuitarajia. Waliokuwa wakingoja upasuaji mdogo hawakuwa wamekosa mpasuaji. Walikuwa wamekosa kitanda cha kulalia kabla na baada ya upasuaji. Hata kitanda kilipopatikana, chumba cha upasuaji kilikuwa kilekile kinachopokea majeruhi wa ajali na akina mama wa dharura, kwa hiyo kazi ndogo ilisukumwa mbele kila dharura ilipoingia, na mgonjwa wake aliendelea kukalia kitanda huku akingoja zamu irudi.

Sidhani kama ni bahati tu kwamba waliolitambua jambo hili walikuwa madaktari wa usingizi. Mpasuaji huwafahamu wagonjwa wake mwenyewe. Daktari wa usingizi huiona orodha nzima ya siku: nani ameahirishwa, chumba kimekaa kitupu kwa muda gani kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, nani ameletwa na machela kutoka wodini ilhali angeweza kutembea kwa miguu yake. Anayesimama kichwani pa mgonjwa kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, hujua ni wangapi kati ya hao waliolala usingizi wake ambao wangeweza kwenda nyumbani jioni.

Wazo lilikuwa la zamani

Reed na Ford hawakulibuni wazo hili. Mwaka 1919 Ralph Waters, naye daktari wa usingizi, alieleza kliniki yake ndogo ya mjini Sioux City, Iowa, ambako aliwalaza usingizi watu wa kung'olewa meno na wa upasuaji mdogo, wakazindukia hapohapo na kurudi makwao. Lakini mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote unatoka Uskoti, na una umri wa zaidi ya miaka mia moja.

James Nicoll alikuwa mpasuaji wa watoto mjini Glasgow. Hospitali ya watoto ya mji huo ilikuwa na vitanda vichache mno kwa mji wa viwanda uliosheheni familia maskini, lakini ilikuwa na zahanati ya wagonjwa wa nje, na hapo ndipo alipofanyia kazi yake. Mwaka 1909 alitoa taarifa ya upasuaji 8,988 uliofanyika katika zahanati hiyo kwa muda wa miaka kumi, pasipo kuwalaza watoto. Hizo hazikuwa kazi za juujuu tu: zilikuwamo ngiri, midomo iliyopasuka, miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, maradhi ya mfupa wa nyuma ya sikio, hata watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa hawajafikisha miaka mitatu.

Hoja ya Nicoll ilikuwa ya kitabibu kwanza, ndipo ikawa ya nafasi. Aliona kwamba mtoto mchanga aliyefungwa kidonda vizuri hutulia mikononi mwa mama yake kuliko wodini, na kwamba mtoto anayenyonya akitenganishwa na mama hudhoofika haraka kuliko kidonda kinavyopona. Kwa ajili hiyo alihakikisha kuna nyumba ndogo karibu na zahanati ambamo akina mama wanaonyonyesha waliweza kukaa na watoto wao, na wauguzi wakawa wanakwenda majumbani kuangalia vidonda. Ningependa msomaji aishike sehemu hii ya nyumba na wauguzi, kwa sababu ndiyo inayoachwa nje kila kisa cha Glasgow kinaposimuliwa kwa haraka. Wale watoto waliendelea kuuguzwa. Aliyebadilika ni mwuguzaji, na mahali pa kuuguzia. Nicoll alijua hivyo, akaufuata uuguzi huo hadi nyumbani.

Nusu karne baadaye, mwaka 1955, Eric Farquharson wa Edinburgh alichapisha habari za watu wazima 485 aliowapasua ngiri kwa ganzi, wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wakati huo desturi ilikuwa kumlaza mtu wa ngiri kwa siku nyingi, na huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1948, ilikuwa tayari na orodha ndefu za wanaongoja vitanda. Madaktari wengi waliisoma taarifa yake, lakini walioifuata walikuwa wachache. Ugunduzi wa kitabibu ulikuwepo. Kilichokosekana ni mahali ambapo kurudi nyumbani siku hiyohiyo ndiyo desturi, kusiwe kwa hisani ya mpasuaji mmoja mwenye ujasiri.

Hapo ndipo ulipo mchango wa Phoenix. Jengo lisipokuwa na wodi, hakuna anayeweza kusema "alale tu kwa usalama." Kila uamuzi, kuanzia mgonjwa anayepokelewa hadi dawa anayopewa, unalazimika kufanywa kwa kutazama saa ya kuondoka.

Kazi inavyokwenda

Ili hoja isibaki hewani, tumfuate mgonjwa mmoja wa kawaida wa kituo cha siku hizi: mwanamume wa miaka arobaini mwenye ngiri ya kinena. Kazi yake huanza siku kadhaa kabla, wala haianzii kwa mpasuaji. Muuguzi humuuliza maswali: presha, sukari, pumu, dawa anazotumia, kama yeye au ndugu yake aliwahi kupata taabu na dawa za usingizi. Madaktari wa usingizi huwapanga wagonjwa kwa madaraja, la kwanza likiwa la mtu mzima wa afya, la pili la mwenye maradhi madogo yaliyodhibitiwa, la tatu la mwenye maradhi mazito, na kuendelea. Kituo hupokea madaraja mawili ya kwanza na baadhi ya watu wa daraja la tatu ambao hali yao imetulia. Kisha hufuata maswali ambayo hayamo katika vitabu vya anatomia. Nani atamsindikiza? Nani atalala naye usiku wa kwanza? Simu anayo? Nyumbani kwake kuna ngazi ngapi? Kutoka kwake hadi hospitali kubwa ni mwendo gani? Mtu mwenye mwili wa chuma anayeishi peke yake anaweza kukataliwa, na mzee mwenye presha iliyotulia na binti makini akapokelewa.

Anaambiwa asile chakula kwa saa sita kabla ya upasuaji, lakini maji matupu aweza kunywa hadi zibaki saa mbili. Akiingia chumbani, mara nyingi ganzi hudungwa palepale kinenani, na kama atapewa dawa ya usingizi, itakuwa ya aina inayokwisha upesi mwilini. Propofo, mojawapo ya dawa hizo, iliyoanza kutumika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilibadilisha kazi hii kuliko jengo lolote: mgonjwa huamka akili ikiwa timamu, na kichefuchefu huwa kidogo kuliko kile cha gesi za zamani. Mpasuaji hurudisha utumbo mahali pake, hushona wavu mwembamba juu ya tundu, na hufunga. Kazi nzima huchukua chini ya saa moja.

Sehemu inayoamua mambo ni ile inayofuata. Mgonjwa hapelekwi nyumbani kwa sababu jioni imefika. Hupimwa kwa alama: mapigo ya moyo na presha vikoje, anatembeaje, anatapika au la, maumivu yakoje, kidonda kinavuja au la. Kila kipengele hupewa alama kuanzia sifuri hadi mbili, na kwa kipimo kilichotungwa na Frances Chung na wenzake wa Toronto, anayefikisha tisa kati ya kumi ndiye anayeruhusiwa. Asiyefikisha hubaki, na akishindwa kabisa huhamishiwa hospitali. Kesho yake asubuhi muuguzi humpigia simu. Simu hiyo, inayoonekana kama adabu tu, ndiyo inayochukua nafasi ya raundi ya wodini, na kituo kisichoipiga kimemwachia mgonjwa kazi ya daktari.

Faida nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba gari la wagonjwa halibishi hodi kwenye mlango huo. Orodha iliyopangwa asubuhi ndiyo inayofanyika. Umuhimu wa jambo hilo ulionekana wazi Uingereza mwanzoni mwa Januari 2018, wakati mafua na baridi vilipojaza hospitali na wakuu wa huduma ya afya wakashauri upasuaji usio wa haraka uahirishwe kwa mwezi mzima. Mahali ambapo upasuaji wa kupangwa unafanyika katika majengo yaleyale ya dharura, wanaongoja ndio hulipa gharama ya kila wimbi la wagonjwa. Kwa hiyo kituo cha nje hukinga pande mbili: hukinga hospitali dhidi ya wagonjwa wasiohitaji kulala, na hukinga wagonjwa hao dhidi ya misukosuko ya hospitali.

Vitanda vilikwenda wapi

Kwa miaka kumi ya mwanzo vituo viliongezeka polepole. Sheria ya mwaka 1980 iliruhusu Medicare kuvilipa, na mwaka 1982 ikatoka orodha ya kwanza ya takriban aina 200 za upasuaji zilizokubaliwa. Mwaka uliofuata Medicare ikabadili pia namna ya kulipa hospitali zenyewe: badala ya kufuata gharama na siku za kulala, ikaanza kulipa kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa. Usiku wa wodini uliokuwa chanzo cha mapato ukageuka gharama. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1980, kati ya kila upasuaji 100 katika hospitali za kawaida za Marekani, takriban 16 tu ndio uliofanyika bila mgonjwa kulazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi hiyo ilikuwa imepita 60. Hapo hatujahesabu waliopasuliwa kwenye vituo vya nje.

Kwa mizani ya Reed na Ford huo ni ushindi. Lakini swali letu ni la msongamano, na hapa kisa kinageuka. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 2006 taarifa yake kuhusu huduma za dharura. Kati ya mwaka 1993 na 2003, ziara za wagonjwa kwenye vitengo vya dharura zilipanda kutoka milioni 90.3 hadi milioni 113.9 kwa mwaka. Katika kipindi hichohicho nchi ilipoteza, baada ya kutoa na kujumlisha, hospitali 703, vitengo vya dharura 425 na vitanda 198,000. Yaani vitanda vilivyookolewa na upasuaji wa siku moja havikuhamishiwa kwa mgonjwa wa nimonia aliyelala koridoni. Vingi vilifungwa, kwa sababu kitanda kitupu hakina anayekilipia. Mgonjwa wa dharura aliyekwisha kuamuliwa alazwe akawa anangoja nafasi wodini kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, juu ya machela, katika nchi yenye vituo vingi vya upasuaji wa nje kuliko nyingine yoyote.

Wapo wanaolisoma jambo hili kama kushindwa kwa vituo. Sikubaliani nao. Vituo vilifanya kazi yake barabara: viliondoa wodini watu ambao hawakupaswa kuwamo. Walioshindwa ni wapangaji, waliovihesabu vitanda vilivyobaki wazi kama akiba ya fedha wakati vilikuwa akiba ya uhai. Vilevile, waliobaki wodini wakawa wagonjwa mahututi zaidi. Ukiwatoa watu wa ngiri na mtoto wa jicho, wanaosalia ni wa kiharusi, wa figo, wa saratani, kwa hiyo kitanda kimoja kinahitaji wauguzi wengi kuliko zamani. Hospitali inayohesabu vitanda bila kuhesabu mikono itajikuta imejaa hata pale ambapo nambari zinaonyesha nafasi.

Yapo malalamiko ya hospitali ambayo ni ya haki. Vituo vingi vya Marekani vina hisa za wapasuaji wenyewe, na mwenye hisa huwa na sababu ya kumpeleka kituoni kwake mgonjwa mwenye afya na bima nzuri, kisha kumwachia hospitali ya umma mwenye maradhi matatu na mfuko mtupu. Uteuzi wa wagonjwa, ambao kitabibu ni wajibu, unaweza kugeuka kuwa uteuzi wa pochi. Kwa miaka mingi Medicare ilidai kila kituo kiwe na mapatano ya maandishi na hospitali ya kupokea wagonjwa wanaozidiwa, au wapasuaji wake wawe na haki ya kulaza wagonjwa hospitalini humo. Hilo ni jambo jema, ila linamlinda mgonjwa mmoja aliyezidiwa. Halisemi lolote kuhusu hospitali inayodhoofika kwa kunyang'anywa kazi nyepesi zilizokuwa zikilipia kazi nzito.

Upo mfano mmoja wa Boston unaoonyesha kwamba mzizi wa msongamano mara nyingine ni ratiba. Eugene Litvak, mtafiti wa mpangilio wa kazi hospitalini, na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kinachofanya wodi zifurike Jumatano na kupwaya mwisho wa juma mara nyingi ni upasuaji wa kupangwa, unaorundikwa kwenye siku zinazowafaa wapasuaji, kuliko ajali, ambazo kwa wingi wake hutabirika kuliko watu wanavyodhani. Boston Medical Center, hospitali inayohudumia watu wengi wa kipato cha chini, ilitenga chumba kimoja cha upasuaji kwa ajili ya dharura na kusawazisha orodha ya upasuaji wa kupangwa katika juma, na upasuaji uliokuwa ukiahirishwa kwa sababu ya dharura ukapungua hadi karibu kutoweka. Hawakuhitaji jengo jipya. Walitumia akili ileile ya Phoenix, yaani kutenganisha mikondo miwili, ndani ya kuta zilezile.

Upande wetu

Kisa cha Phoenix kinatuhusu Afrika Mashariki kwa njia tatu ambazo naziona wazi.

Ya kwanza ni malipo. Kwa miaka mingi bima ya taifa ya Kenya, NHIF, ililipa hospitali kiwango maalumu kwa kila siku ambayo mgonjwa amelazwa. Nia ilikuwa njema, kumlinda mgonjwa dhidi ya bili ya wodi, lakini mfumo wa namna hiyo humpa mwenye hospitali sababu ya kumbakiza mtu kitandani, sawasawa na ilivyokuwa Marekani kabla ya 1970. Bima yoyote itakayotaka upasuaji wa siku moja ukue inapaswa kulipia kazi iliyofanyika, pamoja na simu na ziara ya muuguzi baada ya kazi hiyo, bila kuuliza mgonjwa alilala wapi.

Ya pili ni majengo. Tanzania imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya na kuvipa vyumba vya upasuaji, hasa kwa ajili ya akina mama wenye uzazi pingamizi. Vyumba hivyo vinaweza kupokea ngiri, mabusha na tohara kwa mpango wa asubuhi kuja na jioni kwenda. Busha hasa ni mfano mzuri. Ukanda wa pwani umesumbuliwa na matende na mabusha kwa vizazi, na kambi za upasuaji za mpango wa taifa wa kutokomeza maradhi hayo zimewahudumia wanaume walioficha maradhi yao kwa miaka chini ya kanzu na msuli. Wengi wao hawakuhitaji hospitali ya rufaa. Walihitaji mtu mwenye ujuzi, ganzi, vifaa vilivyotakaswa, na mahali pa karibu pa kurudi iwapo kidonda kitavimba. Upungufu wetu mkubwa uko kwa wataalamu wa usingizi, nao haupungui kwa kujenga kuta. Lakini kazi zinazowezekana kwa ganzi ya eneo hazilazimiki kungoja upungufu huo uishe.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi, nayo ni nyumbani. Phoenix ilikuwa na magari na simu. Nicoll alikuwa na wauguzi wa kutembea na nyumba ya akina mama. Mgonjwa wetu anayeondoka jioni anaweza kupanda bodaboda kwa kilomita ishirini za barabara ya vumbi akiwa na mshono wenye umri wa saa nne tu, afike nyumba isiyo na maji ya bomba, na anayemuuguza awe mke anayepaswa kuamkia shambani. Kumwambia mtu huyo "nenda nyumbani" bila kumfuata ni kuhamisha msongamano kutoka mahali unapoonekana hadi mahali usipoonekana. Hapa nyumba ya kufikia karibu na kituo, kama zile nyumba za kungojea uzazi tulizo nazo katika baadhi ya wilaya, na mhudumu wa afya ya jamii mwenye orodha ya waliopasuliwa wiki hiyo, ni sehemu ya upasuaji wenyewe sawa na wavu na uzi.

Nimeandika haya nikimfikiria mjomba wangu, mkulima wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa na ngiri ya kinena ambayo haikuwa imenasa. Aliambiwa aingie hospitali moja ya rufaa Jumapili jioni ili apasuliwe Jumatatu. Jumatatu ziliingia dharura mbili za uzazi. Jumanne iliingia ajali ya basi. Jumatano hapakuwa na nguo za upasuaji zilizotakaswa. Siku zote tatu alifunga kula tangu usiku wa manane, na siku zote tatu aliambiwa alasiri kwamba sasa anaweza kula. Kuanzia usiku wa pili alilala mzungu wa nne na mzee mmoja mwenye mguu uliovimba, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Alhamisi alipasuliwa kwa ganzi ya uti wa mgongo, na muda wa kazi, kwa jinsi tulivyongoja mlangoni, haukufika saa moja. Ijumaa raundi ilichelewa, na karatasi ya kuruhusiwa ikasainiwa Jumamosi. Jumla ni usiku sita.

Tulipokuwa tukikunja shuka zake, muuguzi alikuwa tayari amesimama kando na faili la kijana aliyelala kwenye godoro sakafuni, kati ya kitanda chetu na dirisha, paja lake limefungwa ubao. Alikuwa ametoka kwenye lile basi la Jumanne. Kwa siku nne alikuwa amelala chini kwa sababu mjomba yuko kitandani, na mjomba alibaki kitandani kwa sababu majeruhi wa basi lile ndio waliochukua chumba cha upasuaji.